Klachi iliyokuja kwenye mfuko wa saruji

Ilikuwa mwezi wa tatu, masika ndiyo yanaanza, na njia za kupanda Goba zilishageuka tope. Kirikuu ilifika gereji yangu hapa Kimara, Dar es Salaam, saa kumi jioni ikivutwa kwa kamba. Nyuma yake ikaja bajaji, na ndani ya bajaji mwenye gari amepakata mfuko mtupu wa saruji kama mtu aliyebeba mtoto. Akashuka, tukasalimiana, akaukung'utia mfuko juu ya benchi. Ikatoka pleti moja ya klachi na presha yake, vyote vimejaa vumbi jeusi.

"Fundi, klachi hii hapa. Nimeinunua Gerezani, kwa wauza spea, elfu sitini, ya mtumba lakini Japani kabisa. Wewe funga tu, kesho nina oda."

Mama huyu ni mteja wangu wa miaka. Anauza maji ya chupa kwa jumla, anasambaza kwenye maduka ya Goba, Makongo na kuteremka hadi huku kwetu. Gari yake ni Suzuki Carry ya 2003, injini K6A ya cc 660, gia za mkono. Inaendeshwa na kijana wake mmoja, mchapakazi, ila ana mguu wa kushoto ambao nitaurudia baadaye.

Swali la klachi ya mtumba huniangukia karibu kila wiki, na nimeona wengi wakilijibu bila hata kuishika klachi inayoulizwa. Mmoja atakwambia mtumba wa Japani unaishinda mpya yoyote ya dukani. Mwingine atakwambia ukifunga klachi ya mtumba umefunga umaskini. Wote wawili wana mifano. Kisa hiki nakisimulia hatua kwa hatua kwa sababu kiligusa kila kona ya ubishi huo, na hata mimi mwenyewe niliteleza mahali.

Je, ni klachi kweli?

Kabla hata ya kuugusa ule mfuko nilimwita kijana anieleze gari ilianzaje. Akasema ina wiki tatu "haina nguvu". Fundi mmoja huko juu alishamwambia injini imechoka, abadilishe ringi za pistoni. Mwingine alimkazia waya wa klachi kwa sababu gia zilikuwa zinakwaruza.

Injini iliyochoka na klachi inayoteleza hutofautishwa kwa sikio tu. Ukikanyaga mafuta mlimani, injini iliyochoka inagoma kupanda mlio: inanguruma chini, inakohoa, gari inapunguza mwendo pamoja nayo. Klachi inayoteleza ni kinyume chake. Injini inapaa mlio vizuri kabisa, inapiga kelele, gari haisogei kwa kiasi hicho, halafu inakuja ile harufu ya kama karatasi na nywele vinavyoungua. Kijana akasema harufu hiyo anaijua, alidhani ni ya breki. Akaongeza kwamba pedeli ilikuwa imeanza kuwa nzito kukanyaga.

Hilo la pedeli nzito lilinipa picha kabla sijaingia chini. Ndani ya klachi pleti imebanwa katikati: upande mmoja flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalozunguka na injini, upande mwingine presha, ambayo ni bamba la chuma. Kinachoibana ni springi moja ya duara, ya bapa, yenye vidole vinavyoelekea katikati. Ukikanyaga pedeli, beringi inavisukuma vile vidole, presha inaachia, pleti inakuwa huru. Pleti ikiliwa inakuwa nyembamba, presha inasogea mbele kuifuata, na vidole vinainuka kuelekea kwenye beringi. Hapo springi inakaa kwenye pembe nyingine, ndiyo maana mguu unahisi uzito. Na ile nafasi ndogo ya kucheza kwenye pedeli kabla haijaanza kushika kazi inapungua, inapungua, mpaka inaisha.

Nikaingiza mkono kuibonyeza pedeli. Hakuna mchezo hata kidogo. Yule aliyekaza waya aliimaliza nafasi iliyokuwa imebaki, maana yake beringi ilikuwa inaegemea vidole muda wote, kama vile mtu amesahau mguu wake juu ya klachi. Klachi nzima kabisa ingeteleza kwa hali hiyo! Nimeshaona watu wakinunua klachi mpya kwa kosa la nati moja ya waya.

Nikailegeza nati mpaka pedeli ikapata mchezo wa kama sentimita mbili, kisha nikapima. Tairi zimewekewa mawe, hendibreki juu, gia namba nne, mafuta kidogo, unaachia klachi taratibu. Klachi nzima inaua injini hapohapo. Hii iliendelea kuunguruma kana kwamba iko nyutro. Basi, klachi ilikuwa imekwisha, na giaboksi lazima ishuke, maana klachi imekaa kati yake na injini.

Kuufungua mfuko

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoenda moja kwa moja kwenye spana. Mteja kaleta spea yake, kazi yako ni kufunga, ikifa ni shauri lake. Sipendi utaratibu huo, na si kwa wema tu: gari ikirudi baada ya wiki sita, jirani zangu hawataona muuza spea wa Gerezani, wataniona mimi.

Nikaanza na pleti. Niliipangusa kwa kitambaa chenye maji. Dogo wa gereji alikuwa ameshachukua bomba la kompresa aipulize nikamzuia, na naomba niseme kwa nini hata kama naonekana mzee wa makatazo. Lainingi, yale matabaka ya kusuguana ya klachi na breki, za zamani zilikuwa na asbesto, vumbi ambalo likiingia kwenye mapafu halitoki na linaweza kuleta kansa miaka mingi baadaye. Japani yenyewe ilipiga marufuku lainingi hizo Oktoba 2004. Pleti ya mtumba haina cheti cha kuzaliwa. Huwezi kujua imetoka kwenye gari ya mwaka gani, kwa hiyo vumbi lake unalilowesha, hulipulizi.

Pleti ilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila kinyongo. Unatazama vichwa vya ribiti zinazoishika lainingi vimezama kiasi gani chini ya uso wake, kwa sababu ribiti zikifika juu zinaanza kuchimba chuma. Vitabu vya watengenezaji vingi huweka kikomo kati ya milimita 0.3 na 0.5, chini ya hapo tupa. Nilichomeka mkia wa vernia, kile kipimo cha milimita, kwenye matundu sita, upande huu na ule, nikapata kati ya 0.8 na 0.9. Uso wake ulikuwa na rangi ya vumbi, haukuwa unang'aa kama kioo, na haukunuka oili. Nikaitikisa karibu na sikio: springi ndogo za katikati hazikucheza.

Presha ndiyo iliyonikalisha kwenye benchi muda mrefu. Uso wake ulikuwa na madoa ya bluu, matatu, yamekaa upande mmoja. Bluu kwenye chuma ni kumbukumbu ya moto, na chuma kilichopata moto upande mmoja hakikai bapa. Nikasimamisha rula ya chuma juu yake kuelekea taa, mwanga ukapita katikati. Ncha za vidole zilikuwa zimechimbika mfereji unaoshika ukucha, na viwili vilikuwa chini kuliko wenzao.

Halafu nikaona kitu ambacho kilibadilisha mazungumzo yote. Pleti na presha zilizofanya kazi pamoja huachiana alama: kwenye chuma cha presha kunabaki pete inayong'aa, na pete hiyo ni picha ya pleti. Nikailaza pleti juu ya pete. Pete ilizidi kwa nje kama milimita tatu kuzunguka kote. Pleti hii haikuwahi kukutana na presha hii. Zilitoka kwenye magari mawili tofauti, zikakutanishwa na mtu mwenye mfuko wa saruji.

Nikamwita mama aone mwenyewe. Alitazama, akanitazama mimi, akasema kwa upole kabisa: "Fundi, usije ukawa unanitengenezea safari ya dukani."

Sikukasirika. Cha juu kipo, tusidanganyane. Kuna fundi anayemkataa mteja spea aliyoleta kwa sababu duka analomwelekeza linampa elfu ishirini yake jioni. Nikamwambia: "Mama, kesho tutaenda wote, pesa utatoa wewe mkononi mwako. Mimi nitashika vernia tu." Akacheka kidogo. Kisha akauliza ngapi.

Ngapi, kwa hesabu ya katoni

Sikumpa jibu usiku ule, kwa sababu klachi hainunuliwi kabla giaboksi haijashuka. Asubuhi saa mbili tulikuwa chini ya gari, na kufikia saa nne giaboksi ilikuwa sakafuni. Kwa kirikuu hiyo ni kazi nyepesi: propela, mabano, nyaya mbili tatu, bolti za kengele, lile ganda linaloifunika klachi. Ningekuwa nashusha ya gari inayovuta kwa tairi za mbele ningekuwa bado nahangaika na shafti.

Tulichokikuta: pleti ya zamani imeliwa mpaka ribiti, na ribiti zimechora mistari ya duara kwenye flaiwili, mistari unayoihisi kwa kidole. Na sehemu ya chini ya kengele ilikuwa imelowa. Sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili ya injini isitoke, ilikuwa ngumu kama kipande cha ndala ya zamani, inavujisha oili tone kwa tone, na tone hilo lilikuwa linarushwa kwenye pleti. Kwa maneno mengine, ningefunga kile kilichokuja na mfuko bila kuangalia nyuma ya flaiwili, hata kama kingekuwa kipya cha boksi, kingelowa na kuteleza.

Sasa hesabu. Bei hizi ni za siku ile, kwa gari ile, msizibebe kama sheria.

Klachi mpya orijino ya Kijapani, seti nzima na beringi yake: 190,000. Sili ya krenki 8,000. Kukereza flaiwili ili mistari itoke: 20,000. Ufundi wangu 60,000. Jumla 278,000.

Klachi mpya ya boksi lisilo na jina ninalolijua: 85,000. Ukiongeza yaleyale, 173,000.

Na ile aliyoleta: ameshatoa 60,000, anaongeza ufundi 60,000, gari inaondoka leo. Kwa macho ya mtu mwenye oda ya kesho hiyo ya mwisho inapendeza sana. Ina 120,000 tu, na nusu imeshalipwa.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo imeweka klachi katikati, wakati kitu cha ghali hapa ni kushusha giaboksi. Kila inaposhuka, mama analipa ufundi 60,000 na gari inalala siku mbili. Siku hizo mbili anakodi kirikuu ya mtu, safari mbili kwa siku, 25,000 kila safari. Hiyo ni laki moja. Yaani 160,000 zinaondoka kabla hujanunua hata ribiti. Klachi ya elfu sitini ikifa mwezi wa saba, imemgharimu zaidi ya ile ya laki na tisini, na bado gari haina klachi.

Nilimweleza hivyo akawa ananisikiliza kwa heshima tu. Nikambadilishia lugha. Kwenye katoni moja anapata faida ya kama shilingi 500. Nikamwambia 160,000 ni katoni 320. Akanyamaza. Akamgeukia kijana: "Mia tatu na ishirini? Hizo ni safari ngapi?" Kijana akasema nane.

Safari nane kwa katoni 320 ni katoni arobaini kwa safari. Katoni ya chupa 12 za lita moja na nusu ni kilo 18 za maji peke yake. Arobaini ni kilo 720. Kirikuu hizi zimejengwa kwa sheria ya magari madogo ya Japani, ambayo inaziruhusu kubeba kilo 350. Mifuko saba ya saruji, imekwisha. Mama alikuwa anabeba mara mbili ya hapo, juu yake mpakiaji amekaa, na anapanda Goba kwenye tope.

Watu hudhani mzigo unaivunja klachi kwa uzito wake. Sivyo hasa. Injini haipati nguvu ya ziada kwa sababu umepakia maji. Nguvu inayopita kwenye klachi haizidi ile injini inayoweza kutoa. Kinachoongezeka ni muda wa kusugua. Gari tupu ukiachia klachi inaondoka, pleti na flaiwili zinafikia mwendo mmoja mara moja. Gari yenye kilo 720 kwenye mwinuko inachukua sekunde kadhaa za kuteleza kila unapoondoka, na zote ni moto. Ongeza dereva anayeishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya hendibreki. Huo ndio mguu niliosema nitaurudia.

Kwa nini sikusema "nunua mpya"

Kama mama angekuwa na 278,000 siku ile, ningesema hivyo na kisa kingeishia hapo. Alikuwa na kama laki mbili, na elfu sitini zake zilikuwa bado Gerezani.

Ile mpya ya 85,000 niliikataa, na najua kuna mafundi watanibishia. Sina ugomvi na spea za bei nafuu kwa ujumla wake, nyingine zinafanya kazi vizuri. Shida yangu ni kutojua. Boksi halina jina la kumdai mtu, au lina jina kubwa lililochapwa vibaya kidogo, herufi zimepauka, namba ya sehemu haipo kwenye chuma chenyewe. Nimewahi kufungua moja iliyofungwa miezi mitano nyuma, springi za katikati zimeng'oka na kuzunguka ndani ya kengele kama punje za mahindi. Pleti ya mtumba naweza kuipima. Lainingi ambayo sijui imechanganywa na nini siwezi kuipima kwa vernia.

Kuna njia nyingine ya zamani, kuipeleka pleti ibandikwe lainingi mpya na kupigwa ribiti. Kwa lori inafaa bado. Kwa pleti ndogo kama ya kirikuu, ambayo hata meno yake ya katikati yameanza kulegea kwenye shafti, ni kuvalisha suti mgonjwa.

Nilichokipendekeza ni mtumba, ila mtumba wa aina moja tu: klachi iliyotoka kwenye injini moja, pamoja na flaiwili yake, ikifunguliwa mbele ya macho yetu. Flaiwili, pleti na presha vikishakaa pamoja muda mrefu vinakuwa vimelainishana nyuso, kila kimoja kimeliwa kwa umbo la mwenzake. Ukivihamisha vyote vitatu, umehamisha makubaliano yao. Ukihamisha pleti peke yake na kuibana kwenye chuma kigeni chenye mistari, nyuso zinagusana kwa vipande vipande, na vipande hivyo ndivyo vinavyoungua kwanza. Tena ukichukua na flaiwili, elfu ishirini ya kukereza inabaki mfukoni.

Na vitu viwili sifungi vya mtumba kwa bei yoyote: beringi ya klachi na sili. Beringi ya zamani inaweza kuzunguka kimya mkononi na kuanza kupiga mluzi baada ya mwezi. Kuiokoa elfu ishirini hapo ni kujiwekea miadi na giaboksi.

Gerezani

Tulipanda mwendokasi, mama, mimi na ule mfuko. Muuzaji wa kwanza, yule aliyemuuzia mama, alimkumbuka vizuri mpaka alipoona vernia. Akasema alimwambia ni ya Japani, na kweli ni ya Japani. Hilo sikulibisha. Nikamlazia pleti juu ya pete, nikamwonyesha milimita tatu. Akatazama pembeni, akaita mtu, mtu hakuja. Mwishowe akarudisha hamsini, kumi akabaki nayo "ya usumbufu". Mama alitaka kuendelea kubishana nikamkonyeza tuondoke. Garantii ya mtaani huwa ni hiyo: kifaa unaweza kurudishiwa, muda na ufundi hurudishiwi na mtu.

Wa pili alikuwa na injini zenyewe, zimepangwa sakafuni na klachi zake zikiwa bado zimefungwa. Tulitafuta K6A. Moja tuliiacha kwa sababu ilikuwa na kutu mpaka kwenye vidole, ishara kwamba imelala nje na mvua. Ya pili ilikuwa kavu. Akafungua bolti sita mbele yetu, presha ikatoka, pleti ikaanguka mkononi mwa mama na kumpaka vumbi gauni zima. Nikampa kitambaa chenye maji, nikaomba radhi.

Ribiti 0.9 kila upande. Pete ya presha na pleti zikalingana kama kifuniko na sufuria. Vidole usawa mmoja, uso wa presha hauna bluu, rula haikupitisha mwanga. Nikahesabu meno ya nje ya flaiwili ambayo starta inayashika, yakawa sawa na ya gari yetu. Hilo watu hulisahau, halafu starta inakuja kulia usiku. Tulikuwa tumebeba na pleti yetu ya zamani, nikalinganisha meno ya katikati, yakakubaliana. Alitaka laki na kumi na tano, tukaondoka na vyote vitatu kwa 95,000. Beringi mpya ya boksi linaloeleweka 22,000, sili 8,000.

Kwa hiyo: 125,000 za spea, 60,000 za ufundi, 10,000 za usumbufu wa yule bwana. Jumla 195,000. Ukiziongezea hiyo kumi na zile njia nyingine mbili, ni elfu kumi na mbili zaidi ya njia ya boksi lisilo na jina, na elfu tisini na tatu chini ya orijino mpya.

Si kila gari ningeliamulia hivi. Gari inayovuta kwa mbele, ambako kushusha giaboksi ni kazi ya siku nzima na bei yake, naegemea mpya. Lori la Fuso au Canter la safari za mkoani, mpya, maana likifia kwenye mlima Kitonga hesabu ya kukodi gari ya mtu inakuwa hadithi nyingine. Na yale magari ya Ulaya yenye flaiwili ya vipande viwili vinavyocheza kwa springi ndani, huo mtumba siugusi: ule mchezo wa ndani hauonekani kwa macho, na ukiwa umekwisha pleti nzuri haitakusaidia. Ila kirikuu, giaboksi inashuka kwa saa mbili, flaiwili ni kipande kimoja cha chuma, na injini za aina yake zimejaa mtaani. Hapo mtumba uliopimwa una haki yake.

Baada ya hapo

Tulifunga jioni ileile. Sili kwanza, flaiwili ikasafishwa oili yote, pleti ikasimamishwa katikati kwa shafti ya giaboksi ya zamani niliyoikata kwa kazi hiyo, bolti za presha zikakazwa kwa kuvukana, kidogo kidogo, ili isije ikapinda. Gia namba nne, hendibreki, achia klachi: injini ikazima papo hapo.

Nilimwomba mama wiki ya kwanza wabebe katoni ishirini, nyuso zizoeane. Akakubali. Siku ya nne niliiona ikipita na kama thelathini, nikajifanya sijaona.

Wiki mbili baadaye kijana alirudi: gia ya rivasi inakwaruza. Hapa kosa lilikuwa langu. Waya wa klachi niliuacha wa zamani kwa sababu ulionekana mzima kwa nje, kumbe ndani nyuzi zilikuwa zimeanza kukatika na unavutika. Waya ni elfu kumi na tano, na siku ile ya kwanza tulikuwa tumeushika mkononi. Nikaubadilisha bila kudai ufundi. Mama akalipa waya, akaniambia, "Hiyo nayo ni katoni thelathini, fundi."

Mwezi wa kumi ililetwa kwa ajili ya breki. Ilikuwa na mzigo, katoni zimepangwa mpaka usawa wa kichwa cha dereva, na sikuhitaji kuzihesabu. Kabla ya kufungua tairi nilibonyeza pedeli ya klachi: mchezo upo, umepungua kidogo tu tangu masika. Nati ya waya bado ilikuwa na nyuzi nyingi za kulegezea. Nikamwambia kijana aisogeze gari mbele, kwenye kile kimwinuko cha mlangoni, asubiri nimalize na gari nyingine. Akapanda, akasimama pale katikati, injini inawaka, gari haiendi mbele wala hairudi nyuma. Nikainama kutazama mguu wake wa kushoto. Akaniona. Akavuta hendibreki.